Hesabu meno kabla hujanunua staata

Haya wakuu, shikamooni wazee mliokuja, na dada zangu wa gereji karibuni sana. Waliosimama kule nyuma viti bado vipo huku mbele, msiogope, siumi mtu.

Nimeombwa niongee kuhusu staata na flekspleti kwenye hizi gari za kizamani za Kimarekani zenye gia boksi ya oto, nikakubali haraka kwa sababu simu ninazopigiwa jioni ni zilezile, kaka staata inalia, kaka staata inasaga, kaka staata imevunja sikio la bloku pale inapofungwa, kaka nimebadilisha staata ya pili na kelele iko palepale. Wengi wetu tumejifunzia kazi nyumbani kwenye Corolla na Hiace, unasoma chesisi namba, unaenda dukani, kifaa kinakuja na kinaingia. Ukija na mazoea hayo kwenye Chevelle ya 1969 huku Texas utaumia, maana hiyo gari imepita mikononi mwa watu wengi, injini si yake, gia boksi si yake, na kila aliyeipitia aliweka alichokipata. Jina lililoandikwa kwenye buti halikuambii chochote kuhusu kilichopo chini. Kwa hiyo neno langu leo ni moja tu, usiagize kitu kwa jina la gari, hesabu meno, pima, ndio uagize. Yote nitakayosema ni hilohilo linajirudia kwa sura tofauti.

Nitakaa sana kwa Chevrolet, ile V8 ndogo iliyoanza 1955, kwa sababu ndiyo mnayokutana nayo kila wiki na ndiyo yenye mitego mingi. Ford na Chrysler nitazigusa baadaye.

Kwa wadogo zangu ambao bado hawajashusha gia boksi ya oto: flekspleti ni ile sahani nyembamba ya chuma inayofungwa nyuma ya kranki, ile shafti kuu ya injini, pembeni yake imezungushiwa ringi yenye meno, na konveta, lile bakuli la oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, inafungwa juu yake. Kwenye manyu mahali hapo panakaa flaiwili nzito. Kwenye oto uzito huo unabebwa na konveta yenyewe ikiwa imejaa oili, ndio maana sahani inaweza kuwa nyembamba, na wembamba wake una kazi, inapinda kidogo pale konveta inapovimba kwa presha na joto. Sasa staata inauma meno ya sahani hiyo, konveta inavuta sahani hiyohiyo, na kranki inaibeba. Ukikosea sehemu moja kelele inatokea sehemu nyingine, na mtu anabadilisha kitu kizima akiacha kibovu.

Tuje kwenye meno. Chevrolet V8 za miaka hiyo zina flekspleti za aina mbili kubwa, ya meno 153 na ya meno 168. Ya 153 ina upana wa inchi 12 na robo tatu, yani kama sentimita 32 na kitu, ya 168 ni inchi 14 hivi, kama sentimita 35 na nusu. Huhitaji hata kuhesabu, ondoa kile kifuniko cha chini cha belihauzingi, lile ganda la mbele la gia boksi linalofungwa kwenye injini, weka futi, utaona mwenyewe. Ila mimi nahesabu, napaka chaki jino moja, mwenzangu anazungusha kranki kwa mbele na spana, naanza moja mpaka chaki irudi. Inachukua dakika chache na inaokoa pesa ya staata nzima.

Sasa mtego uko hapa. Bendiksi ya staata zote mbili, ile inayobeba pinioni, yani gia ndogo inayouma ringi, ina meno 9. Ukiziweka mezani staata hizo zinafanana kama mapacha, na muuza duka ambaye hajawahi kulala chini ya gari atakupa yoyote. Tofauti iko kwenye pua, angalia matundu ya boliti. Matundu mawili yakikaa sambamba, limoja mkabala na lingine, hiyo ni ya meno 153. Limoja likiwa limesogea mbele kuliko mwenzake, yani yamekaa mshazari, hiyo ni ya 168. Bloku nyingi zina matundu matatu kwa hiyo zinapokea staata zote mbili bila kulalamika, na hapo ndipo mtu anafunga ya mshazari kwenye flekspleti ndogo, anawasha, anasikia mota inazunguka hewani wiiii na injini haigusi. Akifanya kinyume chake, ya sambamba kwenye flekspleti kubwa, pinioni inagota kwenye ringi, haina nafasi kabisa. Tofauti ya pale kwenye ukingo inakaribia milimita 16, hakuna shimu, vile vibati vyembamba vya kuweka kati ya staata na bloku, ya kuziba hiyo. Siku hizi kuna staata ndogo nyepesi za kisasa ambazo pua yake imetobolewa kwa mipangilio yote miwili, hizo ni nzuri, zinaokoa na nafasi karibu na ekzosi, lakini hata hizo unatakiwa ujue flekspleti yako ndio ujue utumie matundu yapi.

Nimemsikia jamaa pale anasema bloku yake ina matundu mawili tu. Ndio, zipo, za zamani zilitobolewa kwa mpangilio mmoja. Na zile za mwanzoni kabisa, za baada tu ya 1955, staata ilikuwa inafungwa kwenye belihauzingi, sio kwenye bloku, kwa hiyo ukikutana na bloku haina hata uso wa kukalia staata usishangae, hujaibiwa.

Haya, tuseme kila kitu ni chake na bado inalia. Hapa naomba tuende polepole maana ndipo watu wanapotupa pesa. Staata ya GM inakuambia yenyewe inaumwa nini, sikiliza tu ni saa ngapi inalia. Ukisikia mlio mwembamba wa juu wakati inazungusha injini, kabla injini haijashika, pinioni iko mbali na ringi. Mlio huohuo mwembamba ukiusikia baada ya injini kushika, pale unapoachia ufunguo, pinioni iko karibu mno, imebanwa, inachelewa kutoka. Ukisikia uuuup kubwa kama king'ora injini ikiwa imeshashika na bendiksi bado iko ndani, klachi ya bendiksi imekufa, badilisha bendiksi. Na kama ni muungurumo au kugongagonga wakati staata inajizimikia, inapunguza mwendo kusimama, basi amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, imepinda au haina balansi. Milio miwili ya kwanza inatibiwa kwa shimu. Miwili ya mwisho hata uweke shimu za dhahabu haiponi.

Namna ya kupima. Toa waya wa betri kwanza, na sitarudia hii, mkono wako uko kwenye meno na mota ina nguvu ya kuzungusha V8. Gari iwe kwenye stendi, sio jeki. Kifuniko cha chini kikiwa kimetoka unaiona pinioni. Ikiwa imelala, kati ya uso wake na ringi kuwe na nafasi ya kama milimita 3. Halafu isukume kwa bisibisi mpaka iingie kwenye ringi, upime kati ya ncha ya jino la pinioni na bonde la jino la ringi. Unatafuta elfu 20 mpaka 35 za inchi, yani nusu milimita mpaka karibu milimita 0.9. Filageji bapa, vile vibati vya kupimia nafasi, inasumbua pale kwa sababu ya mviringo, tumia waya, na waya wa klipu ya karatasi ya kawaida unakaribia kile kipimo cha juu kwa hiyo mafundi wengi huku wanautumia. Usipime sehemu moja ukaondoka. Zungusha flekspleti, pima sehemu tatu nne, kwa sababu sahani hizi hazikai duara kamili, na kipimo unachokifuata ni cha pale palipobana zaidi. Kama tofauti kati ya sehemu na sehemu ni kubwa, sahani imepinda, acha staata, shughulika na sahani.

Pinioni ikiwa karibu mno weka shimu inayokamata boliti zote mbili, staata inashuka inaachana na ringi. Shimu ya kawaida ni elfu 15 za inchi. Ikiwa mbali, toa shimu kama ipo, na kama hakuna ya kutoa, weka nusu shimu kwenye boliti ya nje peke yake, ile ya mbali na sampo, trei ya oili chini ya injini, staata inalalia ndani na pinioni inasogea kwenye ringi. Watu wengi hawaijui hii ya boliti ya nje, wanaweka shimu nzima inaongeza tatizo halafu wanasema shimu ni uongo. Na ukijikuta unarundika shimu tatu nne simama hapohapo, kuna kifaa si chake, rudi kwenye kuhesabu meno.

Boliti. Jamani boliti. Boliti za staata ya Chevrolet ni 3/8 nyuzi 16, na shingo yake ina mikwaruzo ya makusudi, hiyo mikwaruzo ndiyo inayobana kwenye tundu na kuiweka staata mahali pake. Ukiweka boliti ya duka la vifaa vya ujenzi yenye shingo laini, staata inacheza, leo iko sawa kesho inasaga, keshokutwa sikio la bloku limepasuka. Na kile kibano cha mbele kinachoshika mwisho wa staata kwenye bloku, najua mnakitupa, nakiona kwenye ndoo zenu za vyuma chakavu. Kirudishe. Staata za zamani ni nzito, bila kibano uzito wote unaning'inia kwenye boliti mbili.

Halafu hii ya inchi na milimita. M10 na 3/8 zinafanana machoni. Ukilazimisha M10 kwenye tundu la 3/8 unaharibu nyuzi za bloku, na 3/8 kwenye tundu la M10 inaingia vizuuuri, imelegea, unaona umemaliza. Konveta za gia boksi za GM, Turbo 350 na Turbo 400, nyingi ni boliti za 3/8, ukija kwenye 700R4 iliyoanza 1982 unakutana na za milimita. Kama uliweka boliti zote kwenye kopo moja utajua siku hiyo.

Sasa konveta, maana hapa ndipo flekspleti inapouawa. Konveta inaingia kwenye gia boksi kwa hatua, inashika spline moja, yani mifereji ya shafti, inashika nyingine, halafu shingo yake inaingia kwenye gia ya pampu, unaizungusha huku unasukuma mpaka uisikie inadondoka mara ya mwisho. Mtu mwenye haraka anaishia hatua ya pili, anapeleka gia boksi kwenye injini, inabaki nafasi ya kidole, anasema boliti zitavuta. Zinavuta kweli! Zinavuta na kuvunja pampu. Belihauzingi inatakiwa ikae uso kwa uso na bloku kwa mkono, kabla hujakaza boliti hata moja, na konveta iwe bado inazunguka kwa mkono. Ukishakaza belihauzingi ndio unaivuta konveta ije kwenye flekspleti, na hapo isafiri inchi moja ya nane mpaka tatu za kumi na sita, milimita 3 mpaka 5 hivi. Ikisafiri kidogo kuliko hapo, siku oili ikipata moto konveta ikavimba itasukuma pampu nyuma na kranki mbele, unaua vitu viwili kwa wakati mmoja. Ikisafiri zaidi, shingo haijaingia vya kutosha kwenye gia ya pampu, weka washa sawasawa kwenye kila boliti. Usivute na boliti ukasema itafika tu.

Zile pini mbili za kuongozea nyuma ya bloku nazo zinaibiwa sana. Watu wanatoa injini, pini zinabaki kwenye belihauzingi ya zamani, inakwenda chuma chakavu. Bila pini boliti zinashika lakini kitovu cha kranki na kitovu cha pampu havilingani, na kila mzunguko flekspleti inapindishwa kidogo. Mwisho inapasuka kuzunguka boliti za kranki. Na flekspleti iliyopasuka inagonga kama koneti, mkono wa pistoni, iliyokufa kabisa, toko toko toko. Kuna Impala ililetwa kwangu kwenye trela, mwenyewe ameshaambiwa injini imekufa anatafuta nyingine ya kununua. Nilifungua kifuniko cha chini, taa, nikaona ufa umezunguka duara karibu mzima, na pini za kuongozea hamna hata moja. Injini ilikuwa nzima. Kwa hiyo kelele nyuma ya injini, hasa inayobadilika ukiingiza gia na kutoa, angalia sahani kabla hujafungua sampo.

Balansi nayo niiseme ingawa mnaijua. Injini ndogo za Chevrolet mpaka 350 za miaka ya zamani zimebalansiwa ndani, flekspleti yake haina uzito. Ile 400 ya miaka ya 1970 kwa nje inafanana na 350 lakini imebalansiwa kwa nje, mbele kwenye puli na nyuma kwenye flekspleti, ukiiwekea sahani ya 350 gari inatetemeka mpaka kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Kuanzia 1986 sili ya nyuma ya kranki ikawa kipande kimoja, duara la boliti likapungua kutoka inchi 3.58 likawa 3.00, na flekspleti ikapewa uzito wake. Hizo hata kufungika hazifungiki kwenye kranki ya zamani, afadhali, inakukatalia mapema. Kwenye injini kubwa, 396 na 427 ni balansi ya ndani, 454 ni ya nje. Na angalia upande! Flekspleti ina upande wa injini na upande wa gia boksi, ukiigeuza matundu yanaingia vizuri tu, ila ringi inakaa siko, unaanza kumtukana muuza staata.

Ford haraka haraka. Staata ya Ford inafungwa kwenye belihauzingi, hakuna shimu za kuchezea kama Chevrolet, kwa hiyo kinachoiweka mahali pake ni ile bati nyembamba kati ya injini na gia boksi. Bati hiyo watu wanaiona takataka, wanaitupa, halafu staata inasaga na hakuna anayejua kwanini. Kwenye injini ya 302 hesabu meno pia, kuna 157 na kuna 164, na angalia balansi, za zamani ni aunsi 28, mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikabadilika kuwa 50. Gia boksi ya C4 ya zamani na injini mpya zaidi ni ndoa inayohitaji flekspleti ya kuagiza kwa makini, balansi ifuate injini, meno yafuate belihauzingi.

Chrysler ndio inawachanganya kabisa waliozoea GM. Kwenye gia boksi zake za TorqueFlite za zamani, 727 na 904, ringi ya meno haipo kwenye flekspleti, imechomelewa kwenye konveta. Yani meno yakiisha ni konveta inayotoka, sio sahani. Na sahani yake ina matundu manne ya konveta lakini limoja limehama kidogo, inaingia kwa mkao mmoja tu, ukiona matatu yamekubali la nne limegoma usichukue drili kaka, zungusha.

Kuna aliyeuliza kuhusu kuweka injini ya LS, V8 mpya zaidi ya GM, na Turbo 350, naona kila mtu anataka hiyo siku hizi, na jamaa zetu wa Muscat wenye Caprice za zamani wananiandikia hiyohiyo. Inawezekana, matundu mengi ya belihauzingi yanakubaliana, lakini uso wa kranki ya LS nyingi umerudi ndani kwa elfu 400 za inchi, karibu milimita 10, ukilinganisha na injini ya zamani. Kwa hiyo konveta haifiki, na shingo yake ya mbele haishikwi na kranki. Unahitaji speisa ya kranki, flekspleti bapa badala ya ile yenye tumbo, na boliti ndefu zaidi. Vinauzwa kwa seti. Ukiziba nafasi hiyo kwa washa kwenye boliti za konveta tu umeiacha konveta inaning'inia bila kitovu, itatembea, ila si mbali.

Na lile la mama pale mbele, staata inakufa injini ikipata moto tu, asubuhi nzima. Kabla hujanunua, angalia waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi na betri, nyingi zimeoza, na angalia ekzosi imepita umbali gani na solenoidi, ile swichi ya umeme iliyo juu ya staata. Joto linapandisha ukinzani, waya mchovu unashindwa. Weka waya mnene, weka ngao ya joto, ndio uhukumu staata.

La mwisho limeulizwa na kijana, gari yake siku nyingine inashika, siku nyingine inasaga, palepale. Hiyo mara nyingi ni ringi. V8 ikizimwa inapenda kusimama sehemu nne zilezile kwa sababu ya kompresheni, kwa hiyo bendiksi inauma meno yaleyale maisha yake yote, na hayo ndiyo yanaisha huku mengine yakiwa kama mapya. Zungusha kranki kwa spana uangalie ringi yote, utakuta mabaka manne. Kama yapo, flekspleti mpya na bendiksi mpya zinaingia siku moja, maana bendiksi iliyoliwa na ringi ya zamani itaanza kuila mpya kuanzia mwasho wa kwanza.